Umeme wa Nile na Mabawa ya Soroti

Ndugu wasikilizaji, na hasa ninyi askari wa jeshi na wa polisi mnaotusikiliza makambini na vituoni, maoni yetu ya leo yahusu ndege. Hatusemi ndege za vita, wala zile kubwa zivukazo bahari. Twasema ndege ndogo ya viti viwili, ambayo kijana hukaa kiti kimoja na mwalimu wake kiti cha pili, akafundishwa kupaa na kutua. Ndege ya namna hiyo sasa yaweza kuruka kwa umeme wa betri, bila tone la petroli. Swali letu ni hili: jambo hilo lina maana gani kwa Uganda, nchi isiyo na bandari ya bahari, lakini yenye Mto Nile na yenye chuo cha urubani mjini Soroti?

Ili kulijibu swali hilo yafaa turudi nyuma, kwa maana historia ya anga yetu ina mafunzo mawili makubwa. La kwanza ni kwamba ndege huruka kwa hisani ya yule anayeleta mafuta yake. La pili ni kwamba chombo kipya huwaua wanaokipokea kwa pupa, na huwafaa wanaokipokea kwa utaratibu.

Kuruka kwa umeme si fikra ya jana. Ni wanajeshi waliotangulia kulifanya jambo hilo lifae. Tarehe 9 Agosti 1884 maofisa wawili wa jeshi la Ufaransa, Charles Renard na Arthur Krebs, walipaa karibu na mji wa Paris katika chombo kirefu kilichojazwa gesi nyepesi, kikisukumwa na mota ya umeme na betri. Kilikwenda kiasi cha kilomita 8 kwa dakika 23, kisha kikarudi kutua pale pale kilipoanzia. Kabla ya siku hiyo mtu aliyepanda puto alikuwa mtumwa wa upepo. Siku hiyo alichagua njia yake mwenyewe. Lakini betri za zama hizo zilikuwa nzito mno, na injini ya petroli ilipopata nguvu na wepesi, umeme uliachwa nyuma. Ndugu wawili wa Marekani, Orville na Wilbur Wright, waliruka kwa petroli mwaka 1903, na dunia nzima ikafuata njia hiyo.

Uganda nayo iliingia katika njia hiyo mapema. Mwaka 1931 shirika la Imperial Airways la Uingereza lilifungua safari za barua na abiria kuja Afrika Mashariki, na ndege zake za majini zikawa zikitua ziwani Port Bell, hapo karibu na Kampala. Miaka 21 baadaye, Mei 1952, uwanja wa Entebbe ulishuhudia jambo kubwa zaidi. Ndege ya Comet, katika safari ya kwanza duniani ya abiria wa kulipa kwa ndege ya jeti, ilitoka London tarehe 2 Mei kwenda Johannesburg, na Entebbe ilikuwa mojawapo ya vituo vyake. Zama za jeti zilipoanza, zilipita mlangoni mwetu.

Hebu tuangalie yaliyoifika ndege hiyo. Tarehe 10 Januari 1954 Comet ile ile iliyofungua safari hiyo ilipasuka angani karibu na kisiwa cha Elba, Italia, na watu wote 35 waliokuwamo wakafa. Tarehe 8 Aprili mwaka huo nyingine ikaanguka karibu na Naples. Comet zote zikasimamishwa. Wataalamu wa Uingereza wakatumbukiza mwili mzima wa ndege katika tangi la maji, wakaupandisha na kuushusha shinikizo mara maelfu, mpaka bati likapasuka mbele ya macho yao. Ikajulikana kwamba bati lile lilikuwa likichoka kila ndege ilipopanda na kushuka. Kasoro ikasahihishwa, na Comet mpya, ya aina ya nne, ikaanza kazi mwaka 1958. Shirika letu la East African Airways lilipoingia katika jeti mwaka 1960, lilichukua aina hiyo ya nne iliyokwisha kusahihishwa. Kuchelewa huko hakukuwa aibu. Kulikuwa busara.

Katika Aprili hiyo hiyo ya 1954, siku ya tarehe 29, bwawa la umeme la Owen Falls lilifunguliwa Jinja. Ndege na umeme, mambo mawili ya mwezi mmoja, lakini hakuna aliyeyaunganisha. Ndege ziliendelea kungoja mafuta kutoka Mombasa, na Nile ikaendelea kuwasha taa na viwanda.

Shirika la East African Airways lilikuwa limeundwa mwaka 1946, makao yake yakiwa Nairobi. Baada ya uhuru lilikuwa mali ya Uganda, Kenya na Tanzania, na tangu mwaka 1966 lilikuwa na ndege kubwa za Super VC10 zilizofika Ulaya na Asia. Lakini marubani wake wengi walikuwa wageni. Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo mkataba wake ulitiwa sahihi hapa Kampala Juni 1967, ilitambua kwamba mwenye ndege asiye na rubani ni kama mwenye bunduki asiyejua kuilenga. Ndipo, mwaka 1971, kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, kikaanzishwa chuo cha urubani cha Afrika Mashariki, na mahali palipochaguliwa pakawa Soroti, katika nchi tambarare ya Teso. Vijana wa nchi zote tatu wakakutana hapo kujifunza urubani na ufundi wa ndege.

Mapema mwaka 1977 shirika lilikufa, na mwaka huo huo Jumuiya ikavunjika. Ndege ziligawanyika au zikarudishwa kwa wadai. Kila nchi ikaanzisha shirika lake. Shirika la kwanza la Uganda Airlines lilifanya kazi hadi mwaka 2001 lilipofungwa, na jipya likaanza safari zake Agosti 2019. Katika misukosuko hiyo yote chuo cha Soroti kilibaki mahali pake mikononi mwa Uganda, na hakikufa. Tulitafakari jambo hilo, wasikilizaji. Ndege kubwa za fahari zilitoweka. Chuo cha kufundishia kikabaki. Nchi inayofundisha hudumu kuliko nchi inayonunua tu.

Hata hivyo chuo kina mshipa mmoja ambao hakikuumiliki kamwe, nao ni mafuta. Afande yeyote aliyepata kuongoza msafara wa malori anajua kwamba jeshi husimama pale tangi linapokauka, hata kama askari wana ari na silaha. Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zilipofunga mafuta kwa ajili ya vita vya Mashariki ya Kati, bei ya pipa moja ilipanda kutoka kiasi cha dola 3 hadi karibu dola 12 kufikia Januari 1974. Julai 1976, uhusiano wetu na Kenya ulipochafuka baada ya tukio la Entebbe, mafuta yalikwama njiani na petroli ikaadimika Kampala. Januari 2008, ghasia za uchaguzi wa Kenya zilipozuia barabara na reli ikang'olewa Kibera, malori hayakufika. Januari 2022 madereva walipogoma mpakani kwa ajili ya ada ya kupimwa korona, lita moja ya petroli ilipita shilingi 10,000 katika baadhi ya vituo vyetu. Hatusemi haya kumlaumu jirani, kwa maana jirani naye ana misiba yake. Twasema tu kwamba wahenga hawakukosea waliponena: mtegemea cha ndugu hufa maskini.

Pengine msikilizaji atasema: mafuta yaligunduliwa Bunyoro mwaka 2006, basi shida imekwisha. La, haijesha. Ndege ndogo nyingi za kufundishia hazitumii mafuta ya taa yatumiwayo na jeti. Hutumia petroli maalumu ya ndege, na viwanda vinavyoitengeneza duniani ni vichache. Petroli hiyo, ile iliyozoeleka, bado hutiwa madini ya risasi ili injini isigonge. Risasi ni sumu ya ubongo, hasa kwa watoto. Afrika kusini mwa Sahara iliiondoa katika petroli ya magari kufikia mwanzo wa mwaka 2006, na nchi ya mwisho duniani iliiondoa mwaka 2021. Petroli ya ndege ndogo imebaki nyuma. Oktoba 2023 serikali ya Marekani ilitamka rasmi kwamba moshi wa risasi kutoka ndege hizo ni hatari kwa afya ya watu. Kwa hiyo petroli hiyo ni ya mbali, ni ghali, na njia yake ya mbele ina mashaka.

Sasa tuje kwenye umeme. Siku chache tu baada ya mafuta kufungwa mwaka 1973, yaani tarehe 21 Oktoba, ndege ndogo ya umeme yenye rubani mmoja iliruka nchini Austria. Ilikaa angani dakika chache, ikatua salama. Ilikuwa ndege ya kwanza yenye mabawa kupaa na mtu kwa nguvu ya betri. Kwa miaka mingi mambo hayakwenda mbali zaidi ya hapo, mpaka betri za lithiamu, zile zilizozoeleka katika simu za mkononi, zilipoanza kubeba nguvu nyingi kwa uzito mdogo. Juni 2020 mamlaka ya usalama wa anga ya Ulaya ilitoa hati kamili kwa ndege ya viti viwili iitwayo Velis Electro, iliyoundwa Slovenia na kiwanda cha Pipistrel. Ndiyo ndege ya umeme ya kwanza duniani kupata hati ya namna hiyo, na iliundwa kwa ajili ya mafunzo.

Uzito wake wote unaoruhusiwa kupaa ni kilo 600. Mota yake ni ya kilowati 57.6. Haina mabomba ya mafuta wala plagi, na vipande vinavyozunguka ndani yake ni vichache, hivyo vitu vya kuharibika navyo ni vichache. Aidha, injini ya petroli huvuta hewa, na juu ya nchi kama Soroti, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, hewa huwa nyepesi na injini hupungukiwa nguvu. Mota ya umeme haivuti hewa, kwa hiyo yenyewe haipungukiwi kwa sababu hiyo. Sauti yake nayo ni ndogo, jambo ambalo wakazi wa jirani na uwanja hulishukuru.

Lakini tusidanganyane. Kilo moja ya petroli hubeba nguvu zaidi ya mara 40 kuliko kilo moja ya betri. Mota ya umeme hufidia sehemu ya pengo hilo kwa sababu haipotezi joto jingi kama injini, lakini pengo halizibiki. Ndiyo sababu ndege hiyo hukaa angani kwa dakika 50 hivi tu pamoja na akiba ndogo, kisha hurudi kujazwa kwa saa moja au mbili. Joto kali huichosha betri, na betri huchakaa, ikahitaji kubadilishwa kwa gharama kubwa.

Je, dakika 50 zatosha nini? Hapa ndipo shabaha ya maoni yetu ilipo. Haziwezi kumpeleka abiria mbali. Lakini mwanafunzi wa urubani katika wiki zake za kwanza haendi mbali. Huzunguka uwanja, hupaa, hutua, hupaa tena. Somo moja ni kama saa moja. Kanuni za kimataifa zataka saa zisizopungua 40 za kuruka kabla ya leseni ya rubani wa binafsi, na sehemu kubwa ya saa hizo ni ya mizunguko hiyo hiyo. Ni kama kuruta na gwaride: haendi popote, lakini bila mazoezi hayo hakuna askari. Kazi hiyo ya kurudia rudia, inayokula petroli nyingi kuliko ionekanavyo, ndiyo umeme unaoweza kuibeba leo.

Kanuni hizo hizo zaonyesha mpaka wake. Mwombaji wa leseni ya kwanza lazima afanye safari ya peke yake ya kilomita zisizopungua 270, na wa leseni ya biashara kilomita 540. Ndege ya dakika 50 haiwezi. Basi chuo chenye busara hakitatupa ndege zake za petroli. Kitaweka aina mbili bega kwa bega, kila moja kwa zamu yake.

Wanajeshi wa nchi nyingine wamekwisha kupima jambo hili. Mwaka 2021 jeshi la anga la Denmark lilikodi ndege mbili za Velis Electro ili kuzijaribu. Hawakununua kikosi kizima. Walichukua mbili, wakajifunza. Nako Norway, Agosti 2019, ndege ya umeme ya aina iliyoitangulia hiyo ilipoteza nguvu angani na kuangukia ziwani. Waliokuwamo wawili wakapona. Norway haikuacha, wala haikuficha. Ilichunguza, ikaendelea. Huo ndio utaratibu ambao Comet iliufundisha ulimwengu kwa damu.

Tukirudi nyumbani, twaona kwamba mengi ya lazima yapo. Karuma, bwawa la megawati 600, lilizinduliwa rasmi Septemba 2024, na pamoja na Bujagali la mwaka 2012, Isimba la mwaka 2019 na yale ya Jinja, uwezo wa nchi wa kuzalisha umeme umepita megawati 2,000. Soroti yenyewe, mji wa chuo chetu, ilipata Desemba 2016 kituo cha umeme wa jua cha megawati 10, kilichounganishwa na gridi ya taifa. Jua likiwaka vyema, saa moja ya kituo hicho hutoa umeme wa kujaza betri za ndege ndogo mamia. Petroli ya ndege hupita bahari, bandari, mipaka na malori kabla ya kufika Teso. Jua la Teso halipiti mpaka wowote.

Mikono nayo ipo. Vijana wa Chuo Kikuu cha Makerere waliendesha gari la umeme la Kiira mwaka 2011, na baadaye mabasi ya umeme ya Kayoola yakaunganishwa Nakasongola, katika karakana za Luwero Industries, ambazo ni za jeshi letu. Askari wasikilizaji, fundi aliyejifunza kufunga betri ya basi bila kuleta moto amekwisha kuvuka nusu ya somo. Nusu iliyobaki ni nidhamu ya anga, ambayo haina msamaha.

Jirani zetu wa Rwanda wameonyesha upande mwingine. Tangu Oktoba 2016, ndege ndogo zisizo na rubani, zinazoendeshwa kwa betri, zimekuwa zikipeleka damu hospitalini juu ya milima yao. Nazo zilianza na mzigo mdogo na safari fupi, kazi ambayo betri inaimudu, badala ya kungoja betri ya ndoto.

Kuhusu usafiri wa abiria kati ya miji yetu, tuseme kweli kwamba siku hiyo bado. Kutoka Entebbe hadi Kasese ni kiasi cha kilomita 260 kwa mstari wa moja kwa moja, hadi Gulu kama 300, hadi Arua zaidi ya 370. Ndege ya majini ya umeme iliyoruka Vancouver, Canada, Desemba 2019, iliruka kwa dakika chache za majaribio. Ndege za abiria za umeme hazijawa tayari kwa Arua. Lakini zitakapokuwa tayari, nchi itakayozipokea vyema ni ile yenye marubani na mafundi waliokwisha kuishi na betri kwa miaka kadhaa. Wa namna hiyo hawanunuliwi sokoni. Hufundishwa.

Kuna onyo moja la mwisho. Tusitoke katika utumwa wa petroli tukaingia katika utumwa wa betri. Sehemu kubwa ya kobalti ya dunia huchimbwa Kongo, Katanga na Lualaba, na watu wasemao Kiswahili kama sisi. Kilembe yetu nayo ina shaba na kobalti. Lakini betri hutengenezwa mbali, hurudi kwetu kwa bei ya mtengenezaji. Nchi isiyojua kuipima, kuitunza na kuitengeneza betri itaingoja meli kama ilivyoingoja petroli.

Kwa hiyo, kwa maoni yetu, hatua inayofaa ni ndogo na ni ya kweli. Wafundishwe kwanza mafundi, kisha walimu, kisha ndipo zije ndege mbili au tatu za umeme Soroti, zizunguke uwanja huo huo chini ya daftari kali la kumbukumbu: joto la betri, dakika za kuruka, kila hitilafu, kila gharama. Gridi ikikatika, ijulikane imekatika mara ngapi. Hesabu hiyo ikionyesha hasara, tuambiwe. Ikionyesha faida, wanafunzi wa chuo, wa kiraia na wa sare, watapata saa nyingi zaidi za kuruka kwa shilingi zile zile, na majirani wa Jumuiya, iliyofufuka kwa mkataba wa mwaka 1999, watakuwa na sababu mpya ya kuwaleta vijana wao Soroti kama walivyowaleta mwaka 1971.

Mwaka 1954 tulipata bwawa na tukaona ndege, tusiviunganishe. Hatukuwa na namna. Leo namna ipo, na mlango wake ni chuo cha Soroti.

Hayo, ndugu wasikilizaji, ndiyo maoni yetu ya leo.